Ngao ya Mfalme Ndani ya Gramu 339 za Dhahabu

Eskudo 100 katika kipande kimoja: kipenyo kinapita sentimita 7, uzito ni gramu 339 hivi, dhahabu ya karati 22. Sarafu hii ya Mfalme Philip III wa Uhispania, ya mwaka 1609, haikukusudiwa sokoni. Ilikuwa ya kutunukia na kujionyesha, ndiyo maana ni adimu mno. Mwaka 2021 moja ilinunuliwa Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 2 za Uswisi.

Ilitengenezwa Segovia, katika kiwanda cha kando ya mto Eresma ambako maji yaliendesha rola zilizochongwa picha, na utepe wa dhahabu ukapitishwa katikati yake. Alama ya mji kwenye sarafu ni mfereji wa Kirumi wenye matao.

Utamu uko kwenye ngao iliyochorwa juu ya sarafu. Sehemu ya juu ina ngome ya Castile na simba wa León, kisha milia ya Aragon na tai wa Sicily, na komamanga la Granada limechomekwa katikati. Chini zimepangwa Austria, Burgundy na Brabant, pamoja na kingao cha Flanders na Tyrol. Ukiisoma kama ramani ya himaya, utapotea. Ngao ya kifalme huorodhesha haki ambazo ukoo unadai kuzirithi, mali iwe mkononi au isiwe. Udachi wa Burgundy wenyewe ulishatwaliwa na Ufaransa tangu 1477. Flanders na Brabant, baba yake Philip III alikwisha kumpa binti yake mwenyewe, Isabella, mwaka 1598. Mexico na Peru, zilizomjazia hazina, hazimo kabisa: zilitekwa, zikahesabiwa kuwa za Castile. Hazina yenyewe, tuseme kweli, ilifilisika mwaka 1607, miaka miwili tu kabla ya majivuno haya.

Katika nusu ya juu ya ngao kimebandikwa kingao cha Ureno, nchi iliyokuwa chini ya wafalme wa Uhispania tangu 1580. Ndicho kinachotuhusu pwani: Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, ilijengwa kwa amri ya baba yake Philip huyu, akiwa mfalme wa Ureno pia. Ureno ilijitenga 1640. Uhispania haikukubali hadi 1668, na kwa miaka hiyo 28 kingao kile kiliendelea kukaa kwenye nembo ya mfalme.