Kijiko cha mafuta na namba kwenye menyu

Simama jioni kwenye kibanda cha chipsi hapa Engutoto, Arusha, uangalie zege likitengenezwa. Kijana anamimina mafuta kwa kukadiria, anamwaga mayai mawili juu ya viazi, anageuza, akiona kikaangio kimekauka anaongeza mafuta kidogo. Hicho kidogo kikiwa kijiko kikubwa kimoja, ameongeza kalori 120 hivi, kwa sababu kila gramu ya mafuta ina kalori 9.

Kule England, tangu tarehe 6 Aprili 2022, migahawa yenye wafanyakazi 250 au zaidi inalazimika kuandika kalori za kila chakula kwenye menyu. Marekani ilianza 2018, kwa migahawa yenye matawi 20 au zaidi. Nia ni kupunguza unene, na ni nia njema. Hata Tanzania, takwimu za 2015–16 zilionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Lakini mapitio ya tafiti ya Cochrane, yaliyotoka Januari 2025, yalikuta kwamba kwenye mlo wa kalori 600 namba hizo humpunguzia mlaji kalori 11 tu. Mkono wa mkaangaji wetu unazidi hapo mara kumi.

Kwa wengi, basi, namba hiyo haina nguvu. Wachache ndio inaowaumiza. Mwezi huohuo watafiti wa London walichapisha mapitio yaliyoonyesha kuwa wenye matatizo ya ulaji hubadili wanavyokula wakiona kalori zimeandikwa. Mgonjwa wa anoreksia, anayejinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, huzihesabu usiku na mchana bila kukumbushwa; akizikuta kwenye menyu anaona hata mgahawa unakubaliana naye. Na anoreksia ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi.

Huku kwetu ugonjwa huu una pa kujificha. Kwa kuwa kuambiwa umenawiri bado ni sifa, tunaamini hautuhusu. Binti akikonda tunamuuliza ana mawazo gani, tunampima taifodi, tunamtibu vidonda vya tumbo, na majirani wananong'ona yao. Mama anampakulia mtori, anajibiwa, "Nimeshakula shule, mama." Siku akila, anaondoka mezani moja kwa moja hadi chooni na kufungulia maji kwa nguvu ili asisikike akitapika. Mzazi, ukiyaona hayo yakijirudia, usimgombeze wala usimsifie wembamba. Mpeleke hospitali, na umweleze daktari habari ya choo na maji, maana mwenyewe hataisema.

Hoteli za Arusha zinazopokea wageni zinaweza kuvutiwa na mtindo huu wa namba. Zikiuchukua, zichukue pia kipengele kinachosahaulika cha sheria ya England: mteja anaruhusiwa kupewa menyu isiyo na kalori akiiomba. Iwekwe tayari pale kaunta, na mhudumu aitoe bila kuuliza kwa nini.