Vazi la Kuogelea Lililoanzia Kwenye Uwanja wa Netiboli

Mnamo mwaka 2004, jijini Sydney nchini Australia, Bi. Aheda Zanetti alikwenda kumtazama mpwa wake akicheza netiboli. Binti huyo alikuwa amejitanda hijabu, amevaa nguo ndefu za kumsitiri, na juu ya hizo akavalia sare ya timu. Ilikuwa tabaka juu ya tabaka, na uso wake ukaiva kwa joto kama tungule. Bi. Zanetti, mzaliwa wa Tripoli nchini Lebanon aliyehamia Australia na wazazi wake akiwa mtoto mdogo, aliporudi nyumbani alitafuta kwenye intaneti nguo ya michezo inayomfaa msichana wa Kiislamu. Hakuona kitu. Basi akaketi sakafuni sebuleni kwake, akaanza kuchora.

Kina mama wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa tatizo alilokuwa akilitatua. Ushungi umeundwa kwa mwendo wa mtu atembeaye. Mwenye kukimbia huona ncha zake zikipepea, pini zikifunguka, na kitambaa kikishuka usoni wakati mpira unakuja. Pamba nayo hunywa jasho na kulishika. Jibu la kwanza la Bi. Zanetti lilikuwa vazi la kichwa lisilohitaji pini, lenye kukaa kichwani na kufuata umbo lake, akaliita Hijood. Hilo ndilo alilovaa Ruqaya Al-Ghasra wa Bahrain katika Olimpiki za Beijing mwaka 2008, alipokimbia mita 200 na kushinda katika mchujo wa kwanza. Dunia nzima ilimwona mwanamke aliyejisitiri kuanzia utosi hadi vifundo vya miguu akiwaacha nyuma wenziwe.

Lakini vazi lililomjengea jina ni la majini, na huku kazi ilikuwa ngumu zaidi. Aliyewahi kumwona mwanamke akiingia baharini kwa buibui au dera anajua yanayotokea: nguo kwanza hujaa hewa ikavimba kama tanga, kisha hulowa, ikawa nzito na kumzonga miguuni. Si suala la starehe tu, ni la usalama wa roho. Vazi la kuogelea la mwenye stara halina budi kuwa la kitambaa chepesi kisichonywa maji, kama poliesta. Lisigande mwilini likaonyesha umbo mtu atokapo majini, wala lisiwe pana hata likamvuta chini. Na kifuniko cha kichwa kisichomoke mtu anapopiga mbizi.

Hayo yote hayajulikani kwa kuchora peke yake. Bi. Zanetti amesimulia kwamba alilijaribu vazi lake kwanza katika hodhi la bafuni kwake, kisha akaenda bwawa la kuogelea la Roselands, karibu na mtaa wake. Watu walimkodolea macho. Akapanda ubao wa kurukia, akajitosa, na alipoibuka kifuniko kilikuwa pale pale. Hatua hii ndogo, kwa maoni yangu, ndiyo inayotenganisha mbunifu na muuzaji wa nguo. Wengi wetu hushona, tukatundika dukani, tukamwachia mteja akagundue kasoro kwa fedha yake.

Jina nalo lina kisa. Aliunganisha "burqa" na "bikini", akapata burqini, akalisajili liwe alama ya biashara yake. Lilikuwa jina la kuchekesha na rahisi kukumbukwa, nalo likaenea kuliko alivyotarajia. Leo watu wengi huliita hivyo vazi lolote la kuogelea lenye kusitiri, nani kalishona wasijue wala wasijali. Na ule utani wa neno burqa ulikuja kuwa mzigo kwa walioliona vazi hilo kwa jicho la siasa.

Katika nchi yake lilipokewa kwa namna nyingine. Baada ya ghasia za Desemba 2005 katika ufuo wa Cronulla, ambako makundi ya watu yaliwashambulia waliodhaniwa kuwa na asili ya Kiarabu, chama cha waokoaji wa fukwe za Australia kilianzisha mpango wa kuwaingiza vijana wa Kiislamu katika kazi hiyo. Bi. Zanetti akatengeneza sare ya rangi nyekundu na manjano, rangi za waokoaji, na mwaka 2007 Mecca Laalaa akafuzu akiwa ameivaa. Ufuo ule ule uliokuwa uwanja wa chuki ukapata mlinzi mwenye hijabu.

Ufaransa mambo yakawa kinyume. Katika kiangazi cha mwaka 2016 meya wa Cannes alipiga marufuku vazi hilo ufuoni, na miji mingine ikafuata, hadi Baraza la Nchi, mahakama ya juu ya masuala ya utawala, liliposimamisha marufuku ya mji wa Villeneuve-Loubet tarehe 26 Agosti. Bi. Zanetti aliandika gazetini kwamba alilibuni vazi lile kuwapa wanawake uhuru, si kuwanyang'anya. Biashara yake haikufa. Maagizo yaliongezeka, na si machache yalitoka kwa wasio Waislamu, wakiwamo wenye kuikinga ngozi yao na jua.

Haifai kudhani kwamba alikuwa peke yake. Uholanzi, mbunifu Cindy van den Bremen alikuwa ameshughulikia vifuniko vya kichwa vya michezo tangu mwaka 1999, vikajulikana kwa jina la Capsters. Hapa kwetu Kenya, katikati ya miaka ya 2000, kampuni ya Nike na shirika la UNHCR zilishirikiana kuwabunia wasichana wakimbizi wa Dadaab sare za voliboli. Hata hivyo hijabu ya michezo ya Nike yenyewe ilitangazwa mwaka 2017, miaka kumi na mitatu baada ya mchoro wa sebuleni. Sheria nazo zilijikokota: timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza na Jordan mwaka 2011 kwa sababu ya hijabu, na ruhusa kamili katika soka ikapatikana Machi 2014.

Kwetu swali si la mitindo. Ni mabinti wangapi wa Kisauni, Likoni na Lamu waliozaliwa hatua chache kutoka majini, wakavuka kwa mashua na feri kila siku, nao hawajui kuogelea kwa sababu walipobaleghe hapakuwa na nguo ya kuingilia bahari? Mafundi cherehani tunao, na poliesta inauzwa. Atakayejaribu kushona, asione haya kuanzia kwenye beseni na kisha kumpa vazi binti yake akaogelee nalo wiki nzima kabla ya kukata la pili. Na akilipatia jina zuri, alipeleke mapema KIPI jijini Nairobi. Alama ya biashara ikisajiliwa hulindwa miaka 10, na inaweza kuhuishwa.