Kisangani: Herufi moja inayomchanganya mnunuzi wa 'mega'

Katika komini ya Makiso, katikati ya jiji la Kisangani, "mega" hununuliwa kama bidhaa nyingine yoyote: mteja hutaja fedha aliyo nayo, akawekewa kinachomtosha. Lakini ni mega ya nini? Jibu liko kwenye herufi moja.

MB, kwa B kubwa, ni megabaiti, kipimo cha ukubwa wa faili. Mb, kwa b ndogo, ni megabiti, ambayo kwa kawaida hupima kasi ya laini. Baiti moja ina biti nane. Anayeahidiwa kasi ya Mb 8 kwa sekunde akadhani ni megabaiti, atashangaa: video ya MB 80 itamchukua sekunde 80, si 10. Hapo ni siku ambayo laini haikwami, na siku za namna hiyo si nyingi.

Kifaransa kina dawa yake. Baiti huitwa "octet", hivyo huandikwa Mo na Go, na b ndogo haipati nafasi ya kuleta utata. Ila simu nyingi zinaonyesha MB. Mo na MB ni kitu kimoja.

Neno Internet nalo lina mzozo wake wa herufi. Kwa wahandisi, "internet" yenye i ndogo ilikuwa mitandao yoyote iliyounganishwa. I kubwa iliwekewa ule mmoja wa dunia nzima. Juni 2016 shirika la habari la Associated Press liliiacha herufi hiyo kubwa.

Kiswahili kiliona tabu hiyo ya nini? "Mtandao" hubeba yote: rezo ya simu, intaneti, hata tovuti. Wepesi huo una gharama. Baada ya uchaguzi wa Desemba 30, 2018, intaneti ilikatwa nchini Kongo kwa karibu wiki tatu, pamoja na ujumbe mfupi, lakini kupiga simu kuliwezekana. Mtandao ulikuwapo, intaneti haikuwapo.

Hata simu iliyounganishwa na Wi-Fi ingeweza kuonyesha alama kamili siku hizo, kwa kuwa Wi-Fi ni njia tu kati ya simu na kifaa kilicho ndani ya nyumba. Nyuma ya kifaa hicho, kimya.