Somo la Kumi na Mbili: Kupunguza Picha ya Nyota ili Isafiri

Aliye mbali na redio na asogee karibu, na kila mmoja awe na daftari na kalamu. Nanyi mnaosoma somo hili katika karatasi, someni polepole, fungu moja moja, kisha mjiulize: nimeelewa nini?

Katika somo lililopita tulijifunza kupiga picha ya nyota. Tulisema kamera iwekwe juu ya kigoda cha miguu mitatu, isitikisike, na iachwe wazi kwa sekunde nyingi ili ikusanye mwanga hafifu wa usiku. Leo twaendelea. Tuseme umekesha, umeipiga picha ya Kilimia, zile nyota walizozitazama wazee wetu kujua majira ya kulima. Sasa wataka kumpelekea ndugu yako aliye mbali, kwa njia ya intaneti. Lakini picha ni kubwa mno. Ukiipeleka kama ilivyo, italila bando lake kabla hajaiona. Ukiipunguza ovyo, atapokea giza tupu lenye madoa. Basi tufanyeje?

Picha imefumwa kwa nukta

Kwanza tujue picha ni kitu gani. Utazame mkeka wa rangi. Ukiwa mbali waona maua. Ukikaribia waona ukili mmoja mmoja, huu mwekundu, huu mweupe. Picha ya kamera ya siku hizi ni hivyo hivyo. Imefumwa kwa nukta ndogo sana, na kila nukta ina rangi moja tu. Nukta hizo huitwa pikseli.

Sasa andikeni hesabu hii. Kamera nyingi hutoa picha yenye nukta 6,000 kwa upana na 4,000 kwa urefu. Zidisha: 6,000 mara 4,000 ni nukta 24,000,000. Kila nukta huandikwa kwa namba tatu: moja ya wekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Namba moja ikichukua baiti 1, picha yote ni baiti 72,000,000, yaani megabaiti 72. Huo ni mzigo mzito kwa simu ya mkononi.

Shida hii si ngeni. Mwezi wa Julai mwaka 1965 chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 4 kilipita karibu na sayari ya Mirihi, kikapiga picha zake. Kila picha ilikuwa na nukta 200 kwa 200, yaani 40,000 tu. Hata hivyo picha moja ilichukua saa 8 hivi kufika duniani, kwa kuwa njia ya redio ilikuwa nyembamba. Miaka 50 baadaye, mwaka 2015, ilitolewa picha ya kundi kubwa la nyota liitwalo Andromeda, iliyopigwa na darubini ya Hubble. Hiyo ilikuwa na nukta 69,536 kwa 22,230, zaidi ya 1,500,000,000! Wenyewe waliona kwamba si kila mtu aweza kuibeba, wakatoa na nakala ndogo. Nasi tutafanya vivyo hivyo.

Kazi ya kwanza: kupunguza nukta

Ndugu yako ataitazama picha katika simu. Kioo cha simu hakiwezi kuonyesha nukta zote 24,000,000 kwa mara moja. Basi tuipunguze iwe 1,500 kwa 1,000. Kila upande umegawanywa kwa 4. Je, nukta zimebaki ngapi? Ni 1,500,000. Maana yake kila nukta 16 za zamani zimekuwa 1.

Hapa ndipo penye hatari. Programu nyingine huchagua nukta moja na kuzitupa 15. Ikiwa nyota yako ndogo ilikaa katika nukta iliyotupwa, imekufa. Programu nzuri huzichanganya zote 16 na kutoa wastani wake. Nyota ndogo hufifia, lakini haipotei yote. Tena kuna faida: zile chenga za rangi zinazochafua giza la usiku huchanganyika zikatulia, na anga huonekana safi. Kwa hiyo chagua njia ya wastani. Ikiisha kupungua, inoe picha kidogo ili nyota zirudie ukali wake. Kidogo tu! Ukizidisha, kila nyota itavaa pete nyeusi.

Kazi ya pili: kubana

Kubana ni kama kupanga nguo katika sanduku. Nguo hazikupungua, ila zimekunjwa vizuri. Namna moja ya kubana iitwayo PNG hufanya hivyo: haitupi kitu, lakini faili hubaki kubwa. Namna nyingine, iliyowekwa mwaka 1992, huitwa JPEG. Hii hukunja, na tena hutupa. Huigawa picha katika miraba ya nukta 8 kwa 8, kisha katika kila mraba huacha yale mabadiliko madogo ambayo jicho haliyaoni sana.

Kwa picha ya mtu au ya nyumba hilo si neno. Lakini anga la usiku ni jingine. Kilimia kimezungukwa na ukungu hafifu wa buluu, nao ni vumbi linalomulikwa na nyota zake. Ukibana mno, ukungu ule hugeuka kuwa matofali, na kando ya nyota huonekana uchafu. Programu itakuuliza ubora, toka 1 hadi 100. Weka kati ya 80 na 90, kisha uitazame picha kwa makini mahali penye giza. Ukiona matofali, ongeza. Mara nyingi picha ya nukta 1,500 kwa 1,000 itashuka chini ya megabaiti 1. Kutoka 72!

Mambo matatu ya kukumbuka

La kwanza: usiiguse picha ya asili. Fanya kazi juu ya nakala, na uipe jina lingine. Nukta iliyotupwa hairudi, hata ukiikuza picha upya.

La pili: usiihifadhi JPEG ile ile mara kwa mara baada ya kuibadilisha. Kila mara hutupwa kitu. Tena programu nyingi za ujumbe huibana picha mara ya pili zenyewe. Ukitaka ifike salama, itume kama hati, si kama picha.

La tatu: faili ya picha huweza kubeba ndani yake mahali ulipokuwa ulipoipiga. Ikiwa ulipigia uani kwako, na waipelekea watu usiowajua, iondoe habari hiyo kwanza.

Maswali

1. Picha ya nukta 4,000 kwa 3,000 ina nukta ngapi zote?
2. Ukigawanya kila upande wake kwa 2, zitabaki ngapi?
3. Kwa nini tunapunguza nukta kwanza, ndipo tunoe na kubana?
4. PNG na JPEG zatofautianaje?

Yajibuni katika daftari, kisha someaneni majibu yenu darasani. Na usiku wa leo, mawingu yakiruhusu, tokeni nje mtazame juu. Kwaherini mpaka somo lijalo.