"Msimamo wa wastani": neno la siasa linalomhusu mwenye lori

Na Mwandishi Wetu, Arua

Neno "wastani" si geni kwa wafanyabiashara wa Arua na Koboko. Bei ya wastani ya gunia la maharage hupatikana kwa kujumlisha bei za siku kadhaa na kugawanya. Lakini redio inapotaja "wanasiasa wenye msimamo wa wastani", hesabu hiyo haifai.

Neno hili lina asili ya Kiarabu na maana yake ni katikati. Katika siasa hutumika kwa wale wanaotafuta wanachotaka kwa mazungumzo, sheria na hatua kwa hatua. Kinyume chao ni wenye msimamo mkali. Kwa hiyo neno hueleza zaidi njia kuliko lengo.

Mfano ni chama cha FDC cha Uganda. Mugisha Muntu, mkuu wa zamani wa jeshi aliyekiongoza chama hicho kuanzia 2012 hadi 2017, alihesabiwa kuwa wa wastani kwa sababu alisisitiza kujenga matawi ya chama mashinani. Kambi ya Kizza Besigye ilisisitiza kuikaidi serikali waziwazi. Muntu alishindwa na Patrick Amuriat Novemba 2017, akajitoa 2018, na 2019 chama chake kipya cha ANT kikazinduliwa. Kambi zote mbili zilitaka Rais Museveni aondoke madarakani. Walitofautiana njia.

Makosa matatu hujitokeza mara kwa mara.

Kwanza, kuwa wa wastani si kukosa chama. Katika uchaguzi mdogo wa Manispaa ya Arua, Agosti 2018, Kassiano Wadri alishinda akiwa mgombea binafsi, tena akiwa kizuizini. Ubinafsi huo wa mgombea hautuambii kama ni wa wastani au mkali.

Pili, si uvuguvugu. "Vuguvugu" na "ndumilakuwili" ni maneno ya kumdhalilisha mtu, si ya kumweleza.

Tatu, neno hutegemea anayepima. Mtu yuleyule anaweza kuitwa wa wastani na serikali, na msaliti na wakereketwa wa upinzani.

Kwa nini mwenye lori ajali? Tarehe 13 Agosti 2018, kampeni za uchaguzi huo zilipokuwa zikimalizika, vurugu zilizuka mjini Arua na dereva wa Bobi Wine akauawa kwa risasi. Mizigo inayotoka Kampala kwenda Koboko, Oraba hadi Kaya, Sudan Kusini, hupitia Arua.

Hivyo, ukisikia kwamba "wa wastani" wameshinda au wameshindwa ndani ya chama, usikimbilie kupakia wala kushusha mzigo. Uliza mambo mawili: nani amewaita hivyo, na wamesema watatumia njia gani, meza ya mazungumzo au barabara? Jibu la swali la pili ndilo linalogusa safari yako.