Ukumbi Mdogo, Barua Ndefu

Ndani ya Stadshuset, jumba la halmashauri ya jiji la Stockholm, kuna chumba chenye umbo la yai. Kuta zake zimetandazwa vitambaa vizito vyenye picha, vilivyofumwa Beauvais, Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 17. Siku za Jumamosi watu hufungishwa ndoa humo, hawa wakitoka, wale wakiingia. Anayechagua maneno ya kifupi, ndoa yake haimalizi dakika moja: mfungishaji humwuliza kila mmoja kama anaridhia, kila mmoja hujibu ndiyo, basi hutangazwa kuwa wanandoa. Anayechagua maneno ya kirefu huongezewa dakika chache tu.

Kwa aliyekulia Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, jambo hilo linashtua. Harusi tunayoijua ina kamati, na kamati ina mwenyekiti na mweka hazina. Ina kadi za mchango, kichen pati, sendofu, ukumbi wa kukodi, mapambo, keki ya ghorofa na spika zinazozuia watu wa meza moja kusikilizana. Kijana wa Kiafrika Mashariki anayeishi Stockholm akiwaambia wazazi wake kwamba ataoa mbele ya watu ishirini, kisha wale chakula na kurudi nyumbani, huulizwa kuna nini anachoficha.

Nimewasikia wazazi wakilalamika hivyo mara nyingi, na naamini kinachowauma si pilau waliyokosa. Kinachowauma ni kwamba hakuna aliyesema neno. Binti ameondoka bila kuombwa, bila kujibiwa, bila kuusiwa. Harusi ndogo inaweza kuwa ya heshima kubwa kuliko ya watu mia tano, lakini kwa sharti moja: nafasi iliyoachwa na spika na mapambo ijazwe na maneno. Na sisi watu wa Kiswahili tunayo maneno ya harusi ya kutosha kujaza siku nzima.

Tuanze na la sheria, maana bila hilo hakuna harusi. Kabla ya ndoa yoyote nchini Sweden, iwe ya kiserikali au ya dini, wachumba huomba ukaguzi wa vizuizi vya ndoa katika Skatteverket, mamlaka ya kodi ambayo ndiyo pia hutunza daftari la wakazi. Hapo huthibitishwa kwamba wote wametimiza miaka 18, kwamba hakuna mwenye ndoa nyingine, na kwamba hawana udugu wa karibu unaozuia. Anayetoka nje ya nchi huhitaji hati ya kwao kuonyesha hana ndoa, na hati hiyo ndiyo huchelewesha watu, kwa hiyo iombwe mapema. Cheti cha ukaguzi hudumu miezi 4 tu. Siku yenyewe wanatakiwa mashahidi wawili. Wanaotaka nikaha au misa wafahamu kwamba ndoa ya dini hutambulika na serikali pale tu imamu au padri anapokuwa na kibali cha kufungisha. Asipokuwa nacho, ipangwe ya kiserikali pia. Wengi hufanya zote mbili siku moja: asubuhi Stadshuset, adhuhuri kwenye msikiti mkuu wa Södermalm, jengo lililokuwa kituo cha umeme kabla ya kufunguliwa kuwa msikiti mwaka 2000.

Watu wengi hupita sheria yenyewe bila kuisoma. Sheria ya ndoa ya Sweden ya mwaka 1987, katika sura yake ya kwanza kabisa, inawataka wanandoa waoneshane uaminifu na kujaliana, watunze nyumba na watoto kwa pamoja, na washauriane kwa manufaa ya familia. Ni vifungu vifupi, havina mbwembwe. Ukivisoma kwa sauti mbele ya wazee watavielewa mara moja, kwa sababu ni wosia. Mimi ningeomba vitafsiriwe na kusomwa kwenye kila harusi ya Waafrika Mashariki huku, mara tu wageni wanapoketi.

Kwetu wosia wa ndoa una historia ndefu. Mwaka 1858, katika visiwa vya Lamu, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alikuwa mgonjwa, akamtungia binti yake utenzi wa kumfunza namna ya kuishi na mumewe, na watu, na Mola wake. Utenzi huo umesomwa na kunakiliwa na wanawake wa pwani kwa vizazi. Sishauri usomwe wote kwenye harusi ya Stockholm. Utii anaousisitiza Mwana Kupona haukai vizuri kando ya vile vifungu vya mwaka 1987, na bibi harusi wa leo ana haki ya kuuliza kwa nini mumewe hakuandikiwa wake. Ninachotaka kichukuliwe kwake ni tendo lenyewe: mzazi aliyekaa chini, akashika kalamu, akamwandikia mwanawe kwa jina lake.

Swali la kwa nini mmoja tu huusiwa lilipata jibu kwa Shaaban Robert wa Tanga. Yeye alitunga tenzi mbili: Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti yake na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Hapo pana mpango mzima wa sherehe. Mtu wa upande wa bibi harusi asome beti chache za Hati, wa upande wa bwana harusi asome za Adili, kisha kila mzazi asome aliyoandika mwenyewe, hata kama ni mistari sita. Asiyejua kutunga kwa vina aandike barua. Barua ya mama isiyo na vina humtoa mtu machozi kuliko shairi la kukodi.

Nimetaja barua, na hapa ningependa tukae kidogo. Barua ya posa ndiyo fasihi ya harusi iliyo karibu zaidi na sisi. Huandikwa kwa mwandiko mzuri, hutiwa kwenye bahasha na fedha kidogo, hufungwa kwenye kitambaa, na hupelekwa na mshenga anayejua kusema. Upande wa pili husoma, hujadiliana, hujibu kwa maandishi. Kila neno hupimwa, maana barua ile itahifadhiwa kabatini miaka arobaini. Siku hizi posa nyingi za ughaibuni hupita kwenye simu kwa ujumbe wa sauti, na hupotea simu inapobadilishwa. Wachumba wa Stockholm, ambao wazee wao wako Pangani au Kisumu, ndio hasa wanaohitaji barua ya karatasi. Iandikwe, itumwe kwa posta au kwa mkono wa msafiri, ijibiwe. Siku ya harusi barua zote mbili zisomwe, ya kuomba na ya kukubali, halafu zitiwe kwenye fremu moja. Hilo ni pambo tosha la meza ya mbele; maua meupe machache na mishumaa, ambayo Waswidi huipenda sana, yatakamilisha.

Jiji lenyewe linasaidia. Stockholm ni mji unaoheshimu maandishi, na kwa wapiga picha wa harusi hiyo ni neema. Kwenye mtaa wa Drottninggatan kuna maneno ya mwandishi August Strindberg yaliyopachikwa ardhini kwa herufi za chuma, unatembea juu yake hadi karibu na nyumba aliyoishi miaka yake ya mwisho, ambayo sasa ni makumbusho. Nawaonya tu wachague sentensi ya kusimamia. Strindberg alioa na kuachana mara tatu, na kitabu chake cha hadithi kuhusu ndoa, Giftas, kilimfikisha mahakamani mwaka 1884 kwa shtaka la kukufuru, akaachiwa huru. Maktaba ya jiji aliyoichora Gunnar Asplund, iliyofunguliwa 1928, ina ukumbi wa duara wenye vitabu pande zote mpaka juu. Hata nje yake, kwenye ngazi, picha hutoka nzuri.

Kisha kuna uwanja wa Stortorget katika mji wa kale, Gamla stan. Jengo kubwa lililopo hapo, Börshuset, ndilo la Akademia ya Sweden iliyoanzishwa na Mfalme Gustav III mwaka 1786. Humo, tarehe 7 Oktoba 2021, lilitangazwa jina la Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, kuwa mshindi wa Nobeli ya fasihi. Kwa sababu ya korona alikabidhiwa nishani yake London, wala hakuketi mwaka ule kwenye karamu ya tarehe 10 Desemba, ile ya wageni wapatao 1,300 katika ukumbi mkubwa wa Stadshuset. Lakini jina letu lilisomwa hapo Börshuset. Bibi harusi wa Unguja akisimama mbele ya mlango ule na shela lake, nina hakika atasimama wima.

Mwaka uliofuata riwaya ya Gurnah, Paradise, ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota wakiwa wachapishaji. Ni zawadi nzuri kwa mashahidi wawili. Si kitabu cha kusomea kwenye sherehe, na wanaopendekeza kisomwe kwa ajili ya jina lake hawajakifungua: ni kisa cha Yusuf, mtoto aliyetolewa rehani kwa deni la baba yake. Kitabu cha harusi kichaguliwe kwa kusomwa, si kwa jalada.

Kuhusu zawadi, kuna mila ya Kiswidi ninayoipenda. Tangu enzi za kale mume humpa mkewe zawadi asubuhi baada ya harusi, nayo huwa mali ya mke. Zamani iliweza kuwa ardhi, leo aghalabu ni kito. Aliyelelewa katika Uislamu ataona mara moja ujamaa wake na mahari, ambayo nayo ni haki ya mke mwenyewe, wala si ya baba wala wajomba. Pwani yetu wapo waliooana kwa mahari ya msahafu na fedha kidogo, na ndoa zao zikadumu. Kwa wachumba wanaotaka harusi nyepesi yenye maandishi, hakuna mahari ya heshima zaidi. Asiye Mwislamu anaweza kutoa kitabu asubuhi ile, ukurasa wa mwanzo ukiwa umeandikwa kwa mkono wake.

Mila nyingine ya Kiswidi ya kuchukua bila kusita ni kijitabu cha meza. Katika harusi zao nyingi kila mgeni hukuta karatasi zilizokunjwa zenye majina ya wote walioalikwa, na kando ya kila jina maelezo mafupi: ni nani, anawajuaje maharusi, anapenda nini. Kwa watu ishirini ni kazi ya jioni mbili. Andikeni kwa Kiswahili na Kiswidi, ili shangazi kutoka Tanga ajue kwamba yule mzee wa kimya aliyeketi kando yake alimfundisha bwana harusi kuteleza barafuni. Wana pia msimamizi wa hotuba, ambaye kila anayetaka kusema humwarifu kabla na kupewa zamu. Kazi hiyo apewe mshenga. Kwetu MC amekuwa mtu wa kelele. Mshenga anajua nani aseme nini, na wakati gani anyamazishwe kwa adabu.

Kanga haziwezi kukosa. Kisutu cha bibi harusi, chenye wekundu, weusi na weupe wake, kinapendeza kuliko kitambaa chochote cha duka la mapambo, na doti zilizokatwa zinaweza kutandikwa mezani, kila mgeni akaondoka na kipande chake. Lakini yasomwe majina. Kanga nyingi zimeandikwa kwa ajili ya kusutana, na jina la mafumbo likiangukia mbele ya mama mkwe litasomwa kuwa limekusudiwa.

Chakula kiwe kidogo na kizuri: pilau, kachumbari, samaki, kahawa chungu na mahamri. Iliki haitawasumbua, kwa kuwa Waswidi hutia iliki kwenye maandazi yao ya kusokotwa, na majirani watakula mahamri wakiyajua. Kuhusu tarehe, Juni ndiyo mwezi wake. Jua huzama saa nne usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi alfajiri, hivyo hamhitaji taa wala haraka. Desemba huwa giza saa tisa alasiri. Anayeoa wakati huo apange picha asubuhi.

Faida ya mwisho ya kiangazi ni saa. Sweden huwa nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja tu, wakati wa baridi huwa mbili. Bibi aliyeko Tanga anaweza kusoma wosia wake kwa simu akiwa bado hajalala. Mpigieni kabla ya chakula, zamu yake iwe ya kwanza kwenye orodha ya mshenga, na mumwombe mapema aandike, ili karatasi yenyewe ije baadaye kwa posta na kuwekwa pamoja na barua zile mbili.