Je, Wajua? Stata Ikilia “Ta!” Huenda Bado Ni Nzima

Je, wajua kwamba stata ya Toyota ya zamani inayolia “ta!” mara moja bila kuzungusha injini huenda ina mota nzima kabisa? Mlio huo unaonyesha kwamba solenoidi imevuta; mara nyingi kinachokosekana ni umeme wa kutosha kuizungusha mota. Ndiyo maana uchunguzi uanzie kwenye betri. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6 ikiwa imetulia. Ikishuka chini ya 9.6 wakati wa kupiga stata, yenyewe ndiyo ya kushukiwa kwanza. Isiposhuka, pima kati ya nguzo hasi na bodi ya stata huku mwenzako akiwasha: zaidi ya nusu volti ni dalili ya waya mbovu au kutu kwenye maungio. Hapo pakiwa salama, fungua kifuniko cha solenoidi. Ndani mna vipande viwili vya shaba ambavyo cheche huvila kidogo kidogo, hadi kisahani kinachoviunganisha kishindwe kuvigusa.

Wapo watakaosema kubadilisha stata nzima ni haraka zaidi. Ni kweli, kama koili zimeungua au bushi zimekwisha. Lakini stata iliyotumika huenda nayo ina shaba zilizolika, na hata mpya haitibu waya mbovu. Pima kwanza, ndipo ununue. Na kabla ya kufungua chochote, chomoa waya hasi wa betri, kwa kuwa waya mnene wa stata kwa kawaida haupiti kwenye fyuzi.